Jinsi ya kusimamisha malipo yanayojirudia kwenye kadi yako

"Nyinyi mnanikata pesa ya nini kila mwezi?"

Swali hilo lilitoka kwa mteja wetu mmoja mwenye saluni kule Muthangari. Mwezi wa Desemba alipakua programu ya kutengeneza mabango ya matangazo. Akaingiza namba ya kadi yake ili apate siku saba za bure, akatengeneza bango moja, basi, akaisahau. Kuanzia Januari, kila tarehe 4, dola 9.99 zikawa zinaondoka. Kwa shilingi ni kama 1,300. Alipotupigia ilikuwa Mei, shule zinafunguliwa muhula wa pili, na karo ilikuwa imepungua kidogo. Alipojumlisha makato matano, karibu shilingi 6,500 zilikuwa zimeenda hivyo hivyo.

Sisi tukamwambia tutamfutia kadi na kumpa mpya. Akashukuru, tukadhani mambo yameisha. Tarehe 4 Juni, dola 9.99 zikaondoka tena, safari hii kwenye kadi mpya.

Kosa lilikuwa letu: hatukumuuliza swali la kwanza. Je, umefuta usajili wako kule ulikojisajili? Hakuwa ameufuta. Alikuwa amefuta programu kwenye simu tu.

Makala hii inaeleza tulichopaswa kumwambia siku ile.

Kwa nini malipo yanaendelea

Ukijaza namba ya kadi na kukubali masharti ya usajili, unampa mfanyabiashara ruhusa ya kukukata kila kipindi kinapofika. Ruhusa hiyo anaihifadhi yeye. Ndiyo maana mbinu nyingi tunazozitegemea hazifanyi kazi:

Kufuta programu kwenye simu. Programu inaondoka, usajili unabaki. Google na Apple wote wanasema wazi kwamba kufuta programu hakufuti usajili.

Kungoja CVV ibadilike. Kadi za simu, kama M-PESA GlobalPay ambayo Safaricom na Visa walizindua Juni 2022, hutoa CVV ya muda mfupi. Hiyo inakulinda mtu akiiba namba zako na kutaka kununua kitu kipya. Lakini CVV huulizwa mara ya kwanza tu. Malipo yanayofuata hupita kwa ile ruhusa uliyokwisha kutoa.

Kubadilisha kadi. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine la. Visa na Mastercard wana huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, ikiwa benki na mfanyabiashara wote wamejiunga nayo. Lengo ni zuri, kwamba stima ya filamu zako isikatike kwa sababu kadi imeisha muda. Ila makato usiyoyataka nayo hufuata mlango huo huo.

Kuacha kadi bila pesa. Malipo yakigoma leo, mfanyabiashara anaweza kujaribu tena kesho na kesho kutwa. Siku utakayoweka pesa ya karo au ya kodi, ndiyo siku yatakayopita. Na kama ni kadi ya mkopo ya benki, ni mbaya zaidi. Malipo yanapita, yanageuka deni, na deni lisipolipwa kwa wakati lina riba.

Hatua ya 1: Mjue anayekukata

Fungua taarifa ya kadi yako ya miezi mitatu iliyopita. Tafuta kiasi kinachofanana kinachotoka tarehe inayofanana. Usishangae jina likiwa geni, maana kampuni nyingi hukata kwa jina la kampuni mama au la duka la programu. Ukiona GOOGLE au APPLE.COM/BILL, usajili uko ndani ya duka la simu yako, hata kama programu yenyewe ni ya watu wengine.

Tafuta pia kwenye barua pepe zako: risiti ya kwanza, au ule ujumbe wa kukukaribisha. Hapo utajua ulijisajili kwa akaunti gani. Wengi wetu tuna barua pepe mbili tatu, na usajili huwa umejificha kwenye ile tusiyoifungua.

Hatua ya 2: Futa kule ulikojisajili

Kwenye simu ya Android, fungua Play Store, bonyeza picha yako pale juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua huduma na uifute. Kwenye iPhone, fungua Settings, bonyeza jina lako, kisha Subscriptions. Kama ni jaribio la bure la Apple, lifute angalau saa 24 kabla halijaisha.

Kama ulijisajili kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ingia kwenye akaunti yako humo. Ukikosa pa kubonyeza, waandikie barua pepe. Maneno machache yanatosha: "Naomba mfute usajili wangu kuanzia leo. Siruhusu tena mkate kadi yangu. Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi."

Kisha piga picha ya skrini inayoonyesha usajili umefutwa, tarehe ikionekana, na uihifadhi pamoja na barua pepe hiyo. Utaona hatua ya 4 kwa nini tunasisitiza.

Hatua ya 3: Mwambie aliyekupa kadi

Sasa ndiyo wakati wa kutupigia sisi, au benki yako. Sema jina la mfanyabiashara, kiasi, tarehe ya makato yanayofuata, na kwamba umeshafuta usajili. Omba malipo ya mfanyabiashara huyo yazuiwe. Ukiona ni heri kadi ibadilishwe, uliza swali hili: "Namba mpya itapelekwa kwa wafanyabiashara wa zamani?" Omba isipelekwe.

Usingoje siku ya mwisho. Malipo ambayo yameshaanza kupita ni vigumu kuyashika njiani.

Hatua ya 4: Dai kilichokatwa baada ya kufuta

Ukikatwa tena baada ya kufuta, anza kwa kumdai mfanyabiashara. Akikataa au akinyamaza, aliyekupa kadi anaweza kupinga malipo hayo kwa niaba yako. Kwa kadi za Visa, malipo ya usajili uliofutwa yana kifungu chake, na benki huwa na hadi siku 120 tangu malipo yapite. Benki yako yenyewe inaweza kukupa muda mfupi zaidi, kwa hivyo lalamika ukiona tu.

Hapa ndipo ile picha ya skrini inapofanya kazi. Bila ushahidi kwamba ulifuta, inabaki neno lako dhidi ya lake.

Na ikiwa hukujua kama jaribio la bure litageuka la kulipia? Tangu Aprili 2020, Visa inawataka wafanyabiashara wanaotoa majaribio ya bure wamtumie mteja masharti kwa maandishi, wamkumbushe kabla ya kuanza kumkata, na wampe njia rahisi ya kujiondoa mtandaoni. Kama hukupata ukumbusho wowote, litaje hilo unapolalamika.

Jambo moja la kuangalia: kuzuia malipo hakufuti mkataba. Kama ulisaini na gym kwa mwaka mzima, au unalipa mkopo, malipo yakizuiwa deni bado lipo na wanaweza kukufuata. Maliza kwanza na unayedaiwa naye.

Kama makato hayatoki kwenye kadi

Mara nyingine mtu anatuambia "kadi inakatwa" kumbe ni kitu kingine. Kama ni salio la kupiga simu linaloisha kidogo kidogo kila siku, huenda uliingia kwenye huduma ya SMS za kulipia: mizaha, soka, nyota. Tuma neno STOP kwa ile namba fupi inayokutumia jumbe, na zikiendelea piga huduma kwa wateja ya mtandao wako.

Kama pesa inatoka M-PESA kwa ratiba, angalia kama uliweka agizo kwenye M-PESA Ratiba, huduma ambayo Safaricom ilianzisha 2024. Hiyo ni rahisi: agizo uliliweka wewe mwenyewe, na wewe ndiwe unayelifuta.

Na mtu akikupigia akisema atakufutia usajili, umpe tu PIN au namba iliyoingia kwa SMS, kata simu. Kufuta usajili hakuhitaji PIN yako. Wahudumu wetu hawataiomba kamwe.

Yule mteja wa Muthangari je?

Tulipiga naye hatua hizi upya, mmoja baada ya mwingine, kwa simu. Alifuta usajili kwa dakika chache. Akaandika barua pepe, na kampuni ikamrudishia makato ya Juni. Yale matano ya mwanzo hayakurudi, kwa sababu alikuwa amekubali masharti na hakuwa amefuta. Tarehe 4 Julai alifungua simu asubuhi na mapema kuangalia. Hakuna kilichoondoka.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua taarifa ya kadi yako. Ukiona kiasi usichokitambua, anza na hatua ya 1. Na siku nyingine ukijisajili kwa jaribio la bure, weka kengele kwenye simu ilie siku mbili kabla halijaisha.