Safu ya maneno: Kukopa au kuazima? (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita niliahidi kueleza kwa nini sipendi kusikia kwamba Kiswahili "kimekopa" maneno. Nianzie uani.

Mtoto akitumwa kwa jirani hubisha hodi na kusema: "Shikamoo bibi. Mama anaomba umwazime mbuzi." Nazi zikishakunwa, mbuzi ileile inarudi, pengine na machicha kwenye meno yake. Lakini akitumwa kibaba cha mchele, huko ni kukopa, maana mchele utaliwa na utakaorudi ni mwingine. Kinachoazimwa hurudi chenyewe, kinachokopwa hurudi badala yake. Najua mjini watu husema "niazime elfu tano". Nadhani ni adabu tu: anayeazima haonekani mdaiwa.

Kuazima ni neno la Kibantu. Watswana husema adima, Wasotho wa Lesotho alima, kwa maana hiyohiyo. Tena lina pande mbili: naazima kwako, nawe waniazima. Tusilichanganye na azimu la Kiarabu, lililotupa azimio. Azimio la Arusha la 1967 halikuazima kitu kwa mtu.

Kukopa kuna upande mmoja. Mwenye mali yeye hukopesha. Kamusi za zamani zililipa neno hili na maana ya pili, kulaghai, yaani kuchukua mali ya mtu kwa hila. Si ajabu wenye maduka wakabandika ukutani: kukopa harusi, kulipa matanga. Ila kopa ya karata haimo katika ukoo huu. Hiyo ni ya Wareno, pamoja na shupaza, uru na pau.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Tulipochukua kopa na meza kwa Wareno, wao hawakupungukiwa. Hadi leo wanalia mesa yao, nasi twalia meza yetu, wala hakuna siku ya kulipa. Deni gani hilo lisilo na mdai? Waarabu wana safar yao. Sisi tukafanya safari, na katika karne ya 19 Waingereza wakalichukua kwetu, wakalibana hadi likawa matembezi ya kutazama au kuwinda wanyama. Nani amdai nani?

Kuazima nako hakufai, kwa sababu neno halirudi lilivyotoka. Kitabu kwa Waarabu ni kitab, na wingi wake ni kutub. Mswahili alisikia "ki" mwanzoni, akaliweka pamoja na kiti na kisu, akapata vitabu. Fundi wa gari alisikia madigadi kwa Mwingereza, akaona "ma" ya wingi, basi kimoja akakiita digadi. Yule Mwingereza akiambiwa kwamba digadi moja imepinda, hatatambua kuwa neno lilikuwa lake.

Wataalamu wa lugha wana neno kutohoa: kulichukua neno la kigeni na kulifinyanga lifuate matamshi na sarufi yetu. Hilo ndilo ninaloliunga mkono. Kukopa tuwaachie wenye maduka na benki, na kuazima kubaki uani kwenye mbuzi na kinu.

Wiki ijayo tutaingia gereji. Msomaji uliye fundi, niandikie majina ya vipuri kama mnavyoyatamka ninyi, si kama yalivyoandikwa kwenye boksi.