Zana Kuukuu Katika Soko la Mtandaoni

Zana njema ya mkono haipimwi kwa umri wake, bali kwa uzima wa chuma chake na kwa adabu ya fundi aliyeitumia. Ndiyo sababu randa iliyotengenezwa nusu karne iliyopita, ikiwa ilifutwa na kupakwa mafuta kila jioni, yaweza kumtumikia kijana wa leo vema kuliko randa mpya ya bei rahisi ambayo makali yake hufa kabla ubao wa kwanza haujalainika. Zamani zana ya namna hiyo haikuwa na soko isipokuwa karakana ya jirani na mnada wa karibu. Lakini tangu simu ya mkononi ilipogeuka kuwa duka, daftari na hazina ya fedha, zana iliyolala bila kazi Mbeya au Dar es Salaam yaweza kuonwa, kuafikiwa bei na kununuliwa na mtu aliyeko Tunduma kabla ya adhuhuri.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una haja kubwa ya neema hiyo. Mashamba ya kahawa ya Mbozi yahitaji mikasi na misumeno ya kupogolea. Vwawa na Mlowo zina maseremala na waashi wao. Na Tunduma, mlango wa nchi uelekeao Zambia, ni mji wa malori na mafundi makanika, ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Zana mpya iliyo bora hufika huko ikiwa imebeba gharama ya safari yote hiyo, na kijana atokaye chuoni akiwa na ujuzi bila mtaji hulazimika kuazima nyundo ya mwenziwe, yaani kufanya kazi kwa saa ya mtu mwingine.

Zana kuukuu hutoka pande mbalimbali. Nyingine ni za mafundi waliostaafu au waliofariki dunia, ambao warithi wao hawajui matumizi yake. Nyingine huingia katika makontena pamoja na mitumba mingine ya Ulaya. Na nyingine zilifika kwa njia ya hisani, kwani shirika la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance lilikusanya kwa miaka mingi zana zilizoachwa huko, watu wa kujitolea wakazinoa na kuzitia mipini, kisha zikapelekwa kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwamo.

Namna ya biashara yenyewe ni nyepesi. Muuzaji hupiga picha, akaitia katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook pamoja na bei na maneno “maongezi yapo”. Mnunuzi huomba apunguziwe, hutuma fedha kwa simu, njia ambayo Watanzania wameizoea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na zana hupakiwa katika basi ikiwa imeandikwa jina na namba ya mpokeaji. Lakini zana ya mkono huhukumiwa kwa mkono, na picha haina uzito, haina mlio, wala haioneshi upande ambao mpigaji hakupenda uonekane. Kwa hiyo mnunuzi mwenye hadhari haridhiki na picha aliyopewa. Hudai picha anazozitaka yeye.

Chukua mfano wa randa ya chuma. Picha ya kwanza ya kudai ni ya kisu kilichotolewa nje na kulazwa kando ya futi, ili ijulikane urefu uliobaki, kwa maana kisu kilichonolewa hadi karibu na tundu lake kimekaribia mwisho wa maisha yake. Ya pili ni ya makali kwa karibu: yakiwa na doa la samawati iliyokoza, ni dalili kuwa yaliwahi kuunguzwa na mashine ya kunolea, nacho chuma kilichopata joto hilo hupoteza ugumu wake. Ya tatu ni ya tako la randa lililowekewa rula na kuelekezwa kwenye mwanga, kwani mwanga upitao katikati hufichua kupinda. Ya nne ni ya mdomo na pembe zake, mahali ambapo chuma cha kusubu hupasuka randa ikianguka sakafuni. Na ufa wa hapo hauna dawa ya bei nafuu.

Msumeno nao hutazamwa kwa urefu wake, jicho likifuata safu ya meno. Meno butu yana tiba ya tupa ya pembe tatu, bali bapa lililopinda ni taabu. Tindo iliyofumka kichwani haina budi kusagwa kwanza, maana kipande chake chaweza kuruka jichoni. Kutu ya juujuu isimtishe mtu, kwa kuwa huondoka zana ikilowekwa katika siki usiku kucha, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Ila kutu iliyochimba vishimo kwenye makali imekwisha kula chuma chenyewe. Mpini uliovunjika ni hoja ya kupunguza bei tu.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni kuvitukuza vitu vidogo. Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma na kufua majembe yao wenyewe. Na katika ardhi hiyohiyo, huko Ndolezi, kipo kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ambacho karibu sehemu 90 katika 100 ni chuma. Mwaka 1930, mwanajiolojia Grantham alipotaka kipande chake kwa uchunguzi, alikikata kwa msumeno wa chuma wa mkono, na kazi hiyo ikachukua muda wa saa 10. Huo ndio uwezo wa chombo kidogo chenye makali katika mkono wenye subira.

Penye manufaa kama haya wenye hila hawakosekani. Mnunuzi asitume fedha yote kwa mtu asiyemjua. Afadhali amwombe ndugu au rafiki aliye katika mji wa muuzaji aishike zana, kisha alipe. Namba ya tapeli ipelekwe kwa mamlaka ya mawasiliano kupitia 15040. Bei iliyo chini kupita kiasi iulizwe asili yake, kwa sababu masanduku ya mafundi huibwa katika majengo, na Kanuni ya Adhabu humtia hatiani apokeaye mali ya wizi akijua. Hati fupi ya mauziano na ujumbe uliohifadhiwa ni kinga yake. Na zana inunuliwayo Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, ipitishwe forodhani, si katika njia za panya.

Muuzaji ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aonaye. Katika biashara ya pwani iliyofuata sharia ya Kiislamu, muuzaji alilazimika kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa aibu hiyo alikuwa na haki ya kuirudisha na kudai fedha yake. Kanuni hiyo yafaa leo kuliko jana, maana umbali umeongezeka na macho yamepungua. Rai yangu ni kwamba makundi ya Tunduma, Vwawa na Mlowo yaiandike iwe sharti la kuingia: picha ya kasoro itangulie picha ya uzuri, asili ya zana itajwe, na iliyofichwa aibu irudishwe kwa nauli ya aliyeficha. Atakayelikataa sharti hilo atakuwa amekwisha kuwaambia wenziwe jambo walilohitaji kulijua kabla ya kutuma fedha.