Parke ya mbao Lubumbashi: nini ulipie, nini ukatae

Fundi akikuletea devi, yaani makadirio ya gharama, yenye mstari mmoja, "kuweka parke, metre kare 20, dola fulani kila metre, kila kitu ndani", bado hajakupa bei. Amekupa jumla isiyoweza kuulizwa swali. Sakafu ya mbao ina vitu vinne vinavyokula pesa: mbao yenyewe, matayarisho ya chini, kazi ya mikono, na umaliziaji wa msasa na vanishi. Hakuna bei moja ya haki kwa Lubumbashi nzima, kwa sababu dola inapanda na kushuka dhidi ya franga, barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ina siku zake, na mti mmoja hauna bei ya mwingine. Devi ya haki ni ile inayokuonyesha kila kimoja cha vitu hivyo vinne peke yake. Usipoonyeshwa, mwombe fundi aiandike upya kabla hujafungua mfuko.

Anza na idadi ya mbao, maana hapo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu bila kujua useremala. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vinavyokatwa pembeni: 22. Ubao ghafi wa mita 4 wenye upana wa sentimita 20 unafunika 0.8, lakini robo hivi itapotea kwa kunyoosha, kupiga randa na kuchonga ulimi na mfereji wa kuunganishia. Inabaki 0.6. Gawanya 22 kwa 0.6 unapata mbao 37. Devi ikisema 40, nyamaza. Ikisema 60, uliza zile 20 zinakwenda kwenye chumba gani.

Kuhusu aina ya mti, Katanga tuko kwenye miombo na miti mizuri ipo. Mulombwa, ambao Tanzania wanauita mninga, unafaa kuliko yote kwa sababu hausinyai sana na randa inaukubali. Mubanga ni mgumu mno, unadumu, lakini unachosha visu vya mashine, kwa hiyo ni haki fundi adai zaidi kwa kazi yake. Misonobari ya mashamba ya Copperbelt, upande wa Zambia, ni laini: kisigino cha kiatu na mguu wa kiti vinaacha alama. Iweke chumbani kwa kulala, usiiweke sebuleni, na usikubali kuilipia bei ya mti mgumu.

Mukula ni jambo jingine. Mti huo mwekundu umekatwa kwa pupa ili upelekwe China, na mwaka 2019 uliingizwa kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022 miti yote ya Afrika ya jamii ya Pterocarpus, ambayo ndiyo jamii ya mukula, iliingizwa pia, na mulombwa umo. Maana yake ni kwamba mbao za miti hiyo zikivuka mpaka zinahitaji kibali. Mwuzaji akikuambia mulombwa wake umetoka Zambia, mwombe karatasi. Kibali kina gharama yake, na bei ya chini kupita kiasi huenda inaficha mbao ambazo hazina karatasi yoyote. Msitu unaozunguka mji huu unaisha kwa makaa na kwa mbao, na mnunuzi wa sakafu ana sehemu yake katika hilo.

Lakini kinachotenganisha parke nzuri na mbaya ni ukavu. Mji wetu una msimu wa mvua mkali na msimu wa kiangazi mkali vilevile. Ubao uliowekwa mwezi wa pili ukiwa mbichi utafunguka mwezi wa nane, hewa ikikauka. Kwa miti mingi migumu, kila asilimia 4 za maji zinazotoka, ubao wa upana wa sentimita 10 unapungua karibu milimita moja. Ukiwekwa ukiwa na asilimia 22 na kushuka hadi 10, kila ubao unaacha ufa wa milimita 3. Hesabu ufa huo chumba kizima.

Kupima si siri ya mafundi. Kuna kipimo chenye pini mbili kinachochomekwa kwenye mti, na kiwanda cha mbao kinachojiheshimu kinacho. Usipokipata, kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa maana ncha hukauka mapema na kudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni, kiache kwenye tanuri la moto wa digrii 100 hivi mpaka uzito uache kushuka, ukipime tena. Kipande cha gramu 560 kikibaki 500, zimetoka gramu 60 za maji, yaani asilimia 12 ya mti mkavu. Hapo panakubalika. Fundi atasema, "Mama, hii imekauka, usihangaike." Mjibu kwa heshima, "Papa fundi, tupime pamoja." Fundi mzuri hatakasirika. Na akidai zaidi kwa sababu mbao zake zilipangwa kivulini miezi mingi, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, mlipe. Hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Chini ya mbao kuna saruji, na chini ya saruji kuna mchwa. Anayetoka mjini kwa barabara yoyote ameona vichuguu vyetu vikubwa, vingine vinavyozidi urefu wa nyumba, na matofali mengi ya mji yametengenezwa kwa udongo wa vichuguu hivyo. Mchwa hao wanapita kwenye ufa mwembamba wa saruji. Kwa hiyo devi iwe na mstari wa kuziba nyufa na kutia dawa ya mchwa, pamoja na nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Saruji mpya inahitaji angalau wiki moja ya kukauka kwa kila sentimita ya unene, na zaidi wakati wa mvua. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zake kwa utepe wa gundi, ukiangalie baada ya siku mbili. Kikiwa na jasho kwa ndani, fundi arudi baadaye.

Sasa weka devi mbili mbele yako. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, usizipeleke sokoni. Wa kwanza anasema dola 45 kwa mita ya mraba: 900 kwa chumba chetu. Wa pili ameandika kila kitu, inafika 1,200. Wa kwanza akishaanza, anaomba 120 za kusawazisha saruji, 68 za mbao za kuzungushia ukuta chini, 60 za mkono wa tatu wa vanishi, 40 za mafuta ya jenereta kwa sababu umeme wa SNEL umekatika na mashine ya msasa haitembei, na 50 za mbao zilizopungua. Umefika 1,238, na bado hujui kama mbao zake ni kavu.

Je, ni lazima iwe mbao? Karo zenye sura ya mbao hazijali maji wala mchwa, na mafundi wa karo ni wengi kuliko wa parke, kwa hiyo bei ya mkono ni rahisi kuilinganisha. Kwa jikoni na barazani ningechagua hizo bila kusita. Parke ya viwandani inayokuja kwenye makartoni inawekwa haraka, lakini moyo wake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Maji yakiingia kwenye maungio inavimba na hairudi. Ukiichagua, tafuta alama ya AC4, inayoonyesha uimara dhidi ya kuchakaa, kwa sebule, na uulize kartoni moja inafunika mita ngapi, maana bei hutajwa kwa kartoni. Faida ya mbao halisi ni kwamba ubao wa unene wa milimita 20 unaweza kupigwa msasa upya mara kadhaa. Kwa sababu hiyo, ukinunua nyumba ya zamani yenye parke iliyochakaa, usimruhusu mtu aing'oe kabla hujapata bei ya kuisugua na kuipaka upya. Hapo hununui mbao hata moja.

Kuhusu malipo, nunua mbao mwenyewe fundi akiwa pembeni yako, zibaki nyumbani kwako wiki mbili au tatu kabla ya kupigiliwa, katika chumba kilekile. Akonti, yaani malipo ya awali, iwe ya vifaa anavyonunua yeye, kwa risiti. Kazi ya mkono ilipwe kwa hatua: saruji ikiwa tayari, mbao zikishalala, vanishi ikishakauka. Zuia sehemu moja ya kumi, na iandikwe kwenye mkataba kwamba ataipata mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kimeshapita juu ya sakafu. Akikataa kabisa, kubalianeni angalau arudi mwezi huo kuziba nyufa bila malipo, na saini yake iwe chini ya sentensi hiyo.