Picha Nyepesi, Taarifa kwa Wakati: Uzito wa Picha Tovutini Unavyomgusa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi aliyeko kijijini anafungua tovuti ya taasisi ya umma kwa simu yake, akitafuta tangazo la nafasi za kazi ambalo mwisho wa kupokea maombi ni siku hiyo hiyo. Mtandao uko chini na bando limebaki kidogo. Tangazo lenyewe limewekwa kama picha ya karatasi iliyogongwa muhuri, nalo limepangwa chini ya picha kubwa za mikutano na ziara. Bando linakwisha kabla tangazo halijafunguka.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuitekeleza. Taarifa iliyopo tovutini lakini isiyofunguka haitofautiani na tangazo lililobandikwa ndani ya ofisi iliyofungwa.

Uzito huo unatoka wapi? Picha ya kidijitali huundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kamera ya kawaida ya simu janja hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12, na faili lake linaweza kufikia megabaiti 4. Kwa mtandao wenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, faili hilo huhitaji sekunde 32 kupakuliwa. Picha 10 za aina hiyo katika ukurasa mmoja ni megabaiti 40, ambazo mwananchi huzilipia kutoka mfukoni mwake.

Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1200 kwa 900, hubaki na pikseli takriban milioni 1.08, chini ya moja ya kumi ya zile za awali. Ikibanwa vizuri inaweza kuwa na kilobaiti 150 hivi, na kwa kasi ile ile ikafunguka kwa sekunde 1.2. Kwenye kioo cha simu, msomaji wa kawaida hataona tofauti.

Hatua ya kwanza kwa wasimamizi wa tovuti, kwa hiyo, ni kupunguza vipimo vya picha kabla ya kuipakia. Kosa linalojirudia ni kupakia picha kubwa kisha kuiamuru tovuti iioneshe kwa udogo. Picha huonekana ndogo, lakini simu ya msomaji imeshapakua faili lote.

Hatua ya pili ni kuchagua aina sahihi ya faili. JPEG, inayofaa kwa picha za watu na mandhari, hupunguza uzito kwa kuacha maelezo madogo ambayo jicho halitambui kwa urahisi. PNG haiachi kitu, hivyo inafaa kwa nembo na michoro yenye maandishi, lakini huwa nzito mno kwa picha za kamera. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana, na vivinjari vyote vikuu vya sasa huisoma.

Hatua ya tatu ni kuchelewesha picha zilizo chini ya ukurasa ili zipakuliwe pale tu msomaji anapozikaribia. Aidha, vipimo vya kila picha vitajwe mapema ili maandishi yasirukeruke wakati picha zinaingia.

Picha nyingi za simu hubeba pia taarifa zilizofichika, ikiwemo tarehe, aina ya simu na wakati mwingine mahali hasa ilipopigwa. Kuziondoa hupunguza uzito kidogo, lakini faida kubwa zaidi ni kulinda faragha ya waliopigwa picha, jambo linaloendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni kuacha kuweka matangazo kama picha. Maneno yote ya makala hii, yakihifadhiwa kama maandishi, hayafikii kilobaiti 10. Karatasi iliyopigwa picha huweza kuzidi kiwango hicho mara mia kadhaa. Zaidi ya hapo, picha ya tangazo haitafutiki kwa urahisi, na programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona inaweza kushindwa kuisoma. Iwapo nakala yenye sahihi na muhuri inahitajika, iwekwe kama kiambatisho, na maandishi kamili yatangulie. Kila picha nayo iwe na maelezo mafupi ya maneno.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Mifumo mingi ya maombi huweka ukomo wa ukubwa wa picha na viambatisho. Ni vyema kupunguza ukubwa wa faili mapema, badala ya kusubiri saa ya mwisho mfumo ulikatae. Vilevile, anayekutana na ukurasa usiofunguka aijulishe taasisi husika na kutaja ukurasa wenyewe, ili Maafisa Habari na Maafisa TEHAMA waurekebishe.

Kupunguza uzito wa picha moja huchukua dakika chache na hakuhitaji ununuzi wa mitambo. Kwa anayewania nafasi ya kazi akiwa na bando la mwisho, dakika hizo ndizo zinazoamua kama tangazo limemfikia au la.