Tabasamu la mbwa

Tabasamu la mbwa ni jina ambalo watu huupa mwonekano wa uso wa mbwa anapofungua mdomo, kuvuta pembe za midomo nyuma na kutoa ulimi nje, kana kwamba anacheka. Mwonekano huo upo kweli, ila maana yake si moja, na kuukosea kunaweza kuleta madhara.

Mara nyingi sababu ni joto tu. Binadamu hutoka jasho mwili mzima, lakini tezi za jasho za mbwa ziko hasa kwenye nyayo. Hivyo yeye hujipoza kwa kutweta: hewa hupita juu ya ulimi wenye unyevu, maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Mdomo uliolegea vilevile huonekana kwa mbwa aliyetulia au anayecheza, lakini hapo mwili wote pia huwa umelegea.

Wako mbwa wanaofunua meno ya mbele wanapomlaki mwenyewe. Charles Darwin alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Mbwa wa namna hii huinamisha kichwa, hujipinda mwili na kutikisa mkia, ni unyenyekevu. Anayetisha hukunja pua, hukakamaa, hukaza macho na pengine kunguruma. Meno ni yaleyale, kwa hiyo asiyetazama mwili mzima atakosea.

Kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso pembeni na kuonyesha weupe wa jicho ni dalili za wasiwasi. Mtoto anapomkumbatia mbwa shingoni, watu wazima huweza kusema "anatabasamu" wakati mnyama anatafuta njia ya kutoka. Katika nchi zenye kichaa cha mbwa, zikiwemo za Afrika Mashariki, kosa hilo si dogo: ugonjwa huo huenezwa kwa binadamu hasa kwa kuumwa na mbwa, dalili zake zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa, na watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Jeraha huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu hupelekwa hospitali kuchanjwa.

Uso wa "hatia" nao hudanganya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alionyesha kuwa mbwa huutoa anapokaripiwa, hata kama hakula chakula alichokatazwa.

Hata hivyo uso wa mbwa una uhusiano wa pekee na binadamu. Utafiti wa Juliane Kaminski na wenzake, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta kwamba mbwa hubadilisha uso zaidi mtu anapowatazama, ilhali kuonyeshwa chakula hakukuwa na athari hiyo. Mwaka 2019 walieleza msuli unaoinua nyusi za mbwa kwa ndani, ambao kwa mbwamwitu haujakua vizuri.