Asali ya Inyonga na hesabu za Profesa Masanja

Asali ya Inyonga, wilayani Mlele, hushuka chupani kwa uzi mmoja mnene. Uisukume polepole au kwa nguvu, mnato wake kwa kawaida haubadiliki ilimradi joto ni lilelile. Newton, mwenye kanuni hiyo ya mnato, angeipokea bila shida. Uji mzito una tabia nyingine: ukiukoroga unalegea, ukiuacha unaganda. Na tope la mto Katuma wakati wa kiangazi, pale viboko wa Hifadhi ya Katavi wanapobanana kwenye madimbwi yaliyosalia, ni kaidi kupita vyote: linatulia kama udongo mpaka lisukumwe vya kutosha, ndipo litiririke.

Ukoo huu wa vimiminika visivyomtii Newton ndio uliompa kazi Verdiana Masanja. Mzaliwa wa Bukoba, mwaka 1954, alisoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada yake ya uzamili, 1981, ilihusu kimiminika ambacho mnato wake hutegemea kinavyosukumwa bombani. Kisha akaenda Berlin, na mwaka 1986 akawa Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata udaktari wa hisabati.

Huko alishughulikia mlinganyo wa Reiner na Rivlin, wa miaka ya 1940. Kwa maji mambo ni mepesi: ukizidisha msuguano kati ya tabaka mara mbili, tofauti ya kasi baina yake nayo inazidi mara mbili. Kwa Reiner na Rivlin uhusiano huo unapinda, na kalamu peke yake haifiki mbali. Bomba hugawanywa vipande vidogo vidogo, kasi ikakokotolewa kipande kwa kipande. Ni kazi ya subira kuliko ya kipaji, ingawa wanahisabati hawapendi kuambiwa hivyo.

Alifundisha Dar es Salaam, akawa profesa Rwanda na kuongoza utafiti huko, kisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Katika nyadhifa zake zote, mimi naupa uzito zaidi uratibu wa elimu ya hisabati kwa wasichana Afrika.

Mwalimu wa Mpanda, kesho ingia darasani na kikombe cha asali na kingine cha uji. Wape wasichana ubao wa kuinamisha na saa ya simu. Wapime, wachore grafu, halafu waulize kwa nini mistari miwili haifanani.