Kipigo Kisichotoa Damu

Anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe ameiona ajali hii mara nyingi. Pikipiki imeteleza kwenye mchanga, dereva na abiria wamerushwa, wameinuka, wamejipangusa. Waliokuwa karibu wamesema pole, Mungu mkubwa, na pikipiki ikawashwa tena. Damu haikumwagika. Aliyepasuka paji la uso watu wangemkimbiza hospitali bila kuambiwa. Mimi wasiwasi wangu ni kwa huyu aliyeinuka.

Mfano mmoja madaktari wanaujua vizuri. Ncha ya usukani imemchoma dereva chini ya mbavu za kushoto. Ngozi haikuchanika, pana alama ya duara tu, ndogo kama kizibo cha soda. Lakini nyuma ya alama hiyo kuna bandama, kiungo laini kilichojaa damu, na kikipata ufa huvuja ndani kwa ndani. Pengine damu huzuiliwa na utando wa nje wa bandama, mtu akafanya kazi siku kadhaa, kisha utando ukaachia. Dalili yake huwapoteza wengi: bega la kushoto linauma ilhali halikugongwa. Damu iliyokusanyika imewasha kiwambo cha pumzi, na maumivu yanasikika begani.

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku presha yake ikisomeka sawa, kwa sababu mishipa hujibana na moyo huongeza kasi kufidia. Basi muuguzi akisema presha ni nzuri, bado hajamaliza kazi. Mapigo yaendayo mbio, jasho la baridi, kiu, kutotulia, viganja vilivyopauka: haya huja kabla presha haijaporomoka. Ikishaporomoka, muda uliobaki ni mchache.

Hospitalini uchunguzi huanza na njia ya hewa na shingo, kisha pumzi, kisha damu, kisha fahamu. Baada ya hapo, kama ipo, huletwa mashine ya altrasaundi. Daktari hupitisha kifaa mahali panne: chini ya moyo, kati ya ini na figo la kulia, pembeni mwa bandama, na juu ya kibofu. Anachokitafuta ni mstari mweusi mahali ambapo viungo viwili vilipaswa kugusana. Ni kazi ya dakika chache, hapo hapo kitandani. Mstari usipoonekana, mgonjwa haruhusiwi kwenda nyumbani papo hapo kama tumbo lake linauma. Hukaguliwa tena baada ya saa kadhaa, ikiwezekana na mkono ule ule uliolibonyeza mwanzo. Wengi hukasirika kuwekwa wodini bila kufanyiwa kitu. Kule kuangaliwa ndiyo tiba yenyewe. Bandama nyingi zilizopasuka kidogo hupona bila kisu, ila kwa sharti kwamba daktari wa upasuaji yuko karibu na damu ya kuongeza ipo.

Na hilo sharti la ukaribu ndilo linalotuumiza sisi wa Mombasa bara. Hospitali kuu ya rufaa, Coast General, iko kisiwani. Wa Kisauni atavuka Daraja la Nyali, wa Changamwe atapita Makupa, na wa Likoni atangoja feri. Tuna hospitali za Likoni na Port Reitz, na ni haki kuzitumia kwanza. Lakini mgonjwa akihitaji kuhamishwa, uamuzi ufanywe mapema, mapigo yakiwa yanapanda, usingoje presha ishuke.

Kichwa nacho kina hila zake. Mtu hupoteza fahamu kidogo, huzinduka, huongea vizuri, hula. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma kupita kiasi, anatapika, analegea, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine. Damu imejikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, na inabana. Kipimo cha fahamu kinachotumika dunia nzima, alama 3 hadi 15, kilitungwa Glasgow mwaka 1974, na faida yake ni kurudiwa: aliyekuwa na 15 saa nne akawa na 13 saa sita amezidiwa, hata kama bado anajibu maswali. Huyo anahitaji skani ya CT na pengine kufunguliwa fuvu.

Ipo pia dawa ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu, na uchambuzi wake uliofuata ukaonyesha kwamba inafaa ikitolewa ndani ya saa 3. Ikichelewa zaidi ya hapo, yaweza kudhuru.

Sasa tuangalie tunavyofanya wenyewe. Majeruhi hupakiwa mshikaki, katikati ya dereva na rafiki anayemshikilia, shingo ikiyumba hadi hospitali. Nyumbani hukandwa maji moto na mafuta ya nazi. Kukanda bega lililochoka ni sawa. Tumbo lililogongwa lisikandwe kabisa. Aspirini na Brufen huweza kuzidisha uvujaji, heri paracetamol. Mafundi wa viungo nao, ambao nawaheshimu, wasiukaze kwa fito mguu unaoendelea kuvimba. Vidole vikifa ganzi na maumivu yakizidi kila saa, nyama inakosa damu, na mguu unaweza kukatwa.

Aliyepigwa ugomvini naye mara nyingi huzungushwa katika kituo cha polisi kutafuta fomu ya P3 kwanza. Matibabu yatangulie, fomu itajazwa baadaye. Wala asirudishwe kwa kukosa pesa: Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja, nami nitalirudia kila nitakapopata nafasi: altrasaundi katika kitengo cha dharura cha Likoni, cha Port Reitz na kimoja Kisauni, pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia, usiku kucha, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.